Moshi wa misitu ya kaskazini na ozoni: shajara ya mradi

4 Juni

Tumeruhusiwa kuanza. Swali la mradi, kwa lugha ya kawaida: moshi wa misitu inayoungua Kanada ukipeperushwa kuelekea Atlantiki, unaongeza ozoni kiasi gani hewani, na mbona kiasi hicho hutofautiana mno kati ya wingu moja la moshi na jingine?

Ozoni ninayoisema si ile ya tabaka la juu inayotukinga na mionzi ya urujuanimno. Hii ni ya huku chini tunakovutia pumzi. Hukera mapafu, hudumaza mazao na huchangia joto la dunia. Haitoki kwenye bomba la gari wala kwenye moto. Huundwa hewani, gesi nyingine zikipigwa na jua. Kwa hiyo huwezi kusimama kando ya moto ukapima ozoni ukasema umemaliza kazi. Lazima uufuate moshi huko unakokwenda.

Tuko Halifax, Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, pembeni kabisa mwa bara, na pepo za magharibi hupita hapa zikielekea baharini. Ndiyo sababu mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Paul Palmer wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliileta hapa BAe-146, ndege ya utafiti ya Uingereza yenye injini nne, ikaruka kutoka Halifax kati ya 12 Julai na 3 Agosti. Kampeni hiyo iliitwa BORTAS. Sisi hatuna ndege. Tuna data zao, ambazo ziko wazi kwa yeyote anayezitaka, pamoja na kompyuta mbili na msimu mzima wa joto mbele yetu. Sehemu kubwa ya tutakachofanya kimeshafanywa na wakubwa kwa vifaa vizito zaidi. Nia yetu ni kujenga modeli ndogo ambayo mwanafunzi anaweza kuielewa mstari kwa mstari, halafu tuone inafika wapi kabla haijaishiwa nguvu.

9 Juni

Faili zimefunguka. Ni safu ndefu za namba, zinazoonyesha ndege ilikuwa wapi, kimo gani, joto kiasi gani, na gesi gani ilikuwemo kwenye hewa iliyofyonzwa. Mwenzangu, kijana wa Mwanza, ana macho makali kwa mambo haya. Anateremsha grafu ya kaboni monoksidi polepole huku akitikisa kichwa, mara anasimama. "Kaka, hapa tumeingia."

Kweli tumeingia. Kwa dakika nyingi mstari umelala karibu na sehemu 100 kwa bilioni, ambayo ndiyo hewa ya kawaida ya huku wakati wa kiangazi. Kisha unapanda ghafla hadi mamia, unacheza juu kwa muda, unashuka, unapanda tena. Chini yake, sianidi ya haidrojeni inapanda na kushuka nayo, bega kwa bega. Hiyo ndiyo alama ya kuaminika. Kaboni monoksidi inaweza kuwa imetoka kwenye magari ya Toronto au Boston, lakini sianidi ya haidrojeni na asetonitrili hutoka zaidi kwenye mimea inayoungua. Zikipanda zote pamoja, huo ni moshi wa msitu. Mwaka ule sehemu kubwa ya moshi uliofika huku ulitoka kaskazini magharibi mwa Ontario.

Sasa angalia mstari wa ozoni mahali hapohapo. Kwenye baadhi ya mawingu unapanda. Kwenye mengine hausogei. Na kuna mahali unashuka. Mawingu yote hayo ni ya aina moja ya msitu, yamepimwa na ndege moja ndani ya mwezi mmoja.

13 Juni

Siku nzima imeliwa na kupanga mihuri ya muda. Vifaa vingine huandika kila sekunde, vingine hukusanya hewa kwenye chupa za chuma kwa sekunde kadhaa, chupa hizo zikaenda kupimwa maabara Uingereza. Kuvilinganisha ni kazi ya subira. Hakuna la kusimulia.

21 Juni

Leo ni kemia yenyewe, kwa kuwa nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja inakuwaje moshi uzae ozoni.

Anza na nitrojeni dioksidi. Mwanga wa jua wenye urefu wa mawimbi chini ya nanomita 420 hivi huivunja, ikabaki nitrojeni monoksidi na atomi moja ya oksijeni iliyo peke yake. Atomi hiyo hujishikiza kwenye oksijeni ya kawaida, ikawa ozoni. Mambo yangeishia hapo, ozoni ingejaa kila mahali. Lakini nitrojeni monoksidi iliyobaki hurudi na kuila ile ozoni, ikawa tena nitrojeni dioksidi. Umetoa shilingi, umerudishiwa shilingi. Hakuna faida.

Faida huja kukiwa na kitu kingine cha kuigeuza nitrojeni monoksidi kuwa dioksidi bila kugusa ozoni. Kitu hicho ni mabaki ya gesi zenye kaboni, kama fomaldehaidi, asetaldehaidi, kaboni monoksidi yenyewe na mamia ya nyingine, zikishashambuliwa na radikali ya haidroksili, ambayo ndiyo msafishaji mkuu wa hewa. Moshi umejaa gesi hizo tele. Kwa hiyo upande wa kaboni hauna shida. Kinachopungua ni nitrojeni.

Hapo ndipo misitu ya kaskazini inapotofautiana na mingine. Sehemu kubwa ya kinachoungua kule si miti iliyosimama bali ni sakafu ya msitu: kuvumwani, majani ya misonobari yaliyorundikana miaka mingi, mboji nene yenye unyevu. Vitu hivyo haviwaki, vinafukuta. Anayepika kwa mkaa anaijua tofauti. Jiko likishika vizuri halina moshi, lakini ukimwagia maji kidogo au ukiweka mkaa mbichi, linafuka moshi mzito unaochoma macho. Moto wa kufukuta hutoa kaboni monoksidi nyingi na gesi zenye kaboni nyingi, lakini oksidi chache za nitrojeni.

Nimekaa na jedwali la Akagi na wenzake la mwaka 2011, linaloeleza kila kilo ya mimea mikavu ikiungua hutoa gramu ngapi za kila gesi. Misitu ya kaskazini: kaboni monoksidi gramu 127, oksidi za nitrojeni gramu 0.90. Savana: kaboni monoksidi gramu 63, oksidi za nitrojeni gramu 3.9. Nikizigeuza kuwa hesabu ya molekuli, nikachukua moshi wenye ongezeko la sehemu 1,000 kwa bilioni za kaboni monoksidi, moshi wa kaskazini unakuja na karibu sehemu 7 za oksidi za nitrojeni. Moshi wa savana unakuja na karibu 58. Ni zaidi ya mara nane. Wastani hizi zina mapana makubwa ya kosa, hasa hiyo ya 0.90, lakini pengo la namna hiyo halifutiki kwa mapana ya kosa.

24 Juni

Mjomba kapiga simu kutoka Manyoni. Nilikuwa nimemtumia ile hesabu ya savana kwenye WhatsApp, naye si mtu wa kupita hivihivi.

"Sasa mjomba," akaniambia, "kwa maelezo yako nyasi zetu tunazochoma kila kiangazi ndizo zinazozaa ozoni nyingi kuliko misitu ya Wazungu. Mbona ndege ziko kwao?"

"Zimefika na kwetu, mjomba, lakini kwa nadra."

Na ni kweli zimefika. Kulikuwa na kampeni ya utafiti iliyoitwa SAFARI 2000 kusini mwa Afrika. Ndege ileile ya BAe-146 iliyoruka Halifax mwaka 2011 iliruka juu ya Uganda Januari 2019 kupima moshi wa mashamba na nyasi. Lakini ukilinganisha idadi ya safari za ndege na ukubwa wa eneo linaloungua Afrika kila mwaka, mjomba ana hoja, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Nimeiandika hapa ili nisiisahau wakati wa kuomba fedha za awamu ya pili.

2 Julai

Modeli ya kwanza inaenda. Tunaiita sanduku kwa kuwa ndivyo ilivyo: boksi moja la hewa yenye moshi, tunaliweka juani, tunaacha hewa safi iingie kidogo kidogo kutoka pembeni, na tunahesabu molekuli zinakwenda wapi.

Jambo la kwanza lililojitokeza ni kasi ambayo nitrojeni inapotea. Kabla ya jua la kwanza kuzama, sehemu kubwa ya oksidi za nitrojeni haipo tena katika umbo lake. Imegeuka PAN, yaani peroksiasetili nitrati, au imegeuka nitrati kwenye chembechembe za moshi. Hilo si geni. Kampeni ya NASA ya mwaka 2008, ARCTAS, iliyopita kwenye moshi mchanga wa Kanada kwa ndege ya DC-8, ilikuta takriban asilimia 40 ya oksidi za nitrojeni zimeshakuwa PAN na asilimia 20 zimeshakuwa nitrati ya chembe ndani ya muda mfupi. Boksi letu dogo linakwenda njia hiyohiyo, na hilo limetupa moyo.

Jambo la pili: saa za mwanzo modeli ilikuwa mvivu hadi tulipoingiza asidi ya nitrasi. Gesi hii hutoka motoni moja kwa moja na huvunjwa na jua ndani ya dakika chache, ikiachia haidroksili. Kampeni ya WE-CAN ya mwaka 2018, iliyotumia ndege ya C-130 magharibi mwa Marekani, ilionyesha kuwa kwenye moshi mchanga asidi hiyo ndiyo chanzo kikuu cha haidroksili. Bila hiyo, kemia yote huchelewa kuamka.

8 Julai

Suala la vifaa. Niliahidi nafsi yangu sitaligusa hadi Agosti lakini limekuja lenyewe.

Vipimaji vingi vya ozoni duniani, vya kwenye ndege na vya mijini, vinafanya kazi kwa taa ya zebaki. Taa inatoa mwanga wa nanomita 254, hewa inapitishwa katikati, ozoni inanyonya mwanga huo, kifaa kinapima mwanga uliopotea. Ili kujua ni ozoni na si kitu kingine, kifaa hupitisha hewa hiyohiyo mara ya pili kwenye kichujio kinachoua ozoni, kisha hutoa tofauti. Ni mpango mzuri sana kwenye hewa ya kawaida.

Kwenye moshi mzito mpango unaingia dosari. Moshi una gesi za aina ya benzini na jamaa zake ambazo nazo hunyonya mwanga wa nanomita 254, na kichujio chaweza kuzikamata baadhi au kuzitoa kwa kuchelewa. Kifaa kinaona tofauti, kinaandika ozoni. Ukiwa karibu na moto unaweza kusoma ozoni nyingi mahali ambapo kwa kemia tunajua nitrojeni monoksidi imeshaila. Kuna vipimaji vya aina nyingine, vinavyochanganya hewa na nitrojeni monoksidi na kusoma mwanga hafifu unaotoka kwenye mgongano huo, na hivyo havidanganyiki kirahisi namna hiyo.

Kwa data zetu athari ni ndogo, maana moshi uliofika Halifax ulikuwa umeshasafiri na kuchanganyika na hewa safi. Hata hivyo tumeamua jambo moja: kila mahali ozoni inapopanda sambamba kabisa na benzini ndani ya sekunde zilezile, tunaweka alama na hatuitumii kwenye hesabu ya mwisho. Mwenzangu aliona ni ukali uliopitiliza. Tumebaki na ukali huo.

16 Julai

Moshi umetufikia huku chini leo. Si mzito wa kutisha, ila anga ina rangi ya chai ya maziwa na harufu imeingia hadi ndani ya basi. Watu wa huku hawaichukulii mzaha harufu hiyo tangu Mei 2023, moto ulipozuka Tantallon, pembezoni mwa Halifax, ukawahamisha watu wapatao 16,000 na kuteketeza nyumba 151. Mwaka huo Kanada nzima ilipoteza hekta zipatazo milioni 15, karibu maradufu ya rekodi ya awali, na tarehe 7 Juni anga ya New York ikawa ya machungwa.

Nimetoka na kipima mwanga cha maabara, nikakiweka juu ya paa. Kivuli changu hakikuonekana vizuri saa sita mchana. Mwanga wa moja kwa moja umepungua sana, ule uliotawanyika umeongezeka, na kwa jumla ule wa mawimbi mafupi, unaovunja nitrojeni dioksidi, ndio uliopunguka zaidi. Maana yake ni kwamba moshi unabeba malighafi za kutengeneza ozoni na wakati huohuo unazima taa ya kiwanda. Moshi mwembamba unaongeza ozoni. Moshi mnene sana unaipunguza ardhini, wakati juu ya wingu hilohilo, ambako mwanga unarudishwa juu na chembe nyeupe, kazi inakwenda kasi. Tafiti za miji ya Marekani zinaonyesha umbo hilo: ozoni hupanda pamoja na chembechembe za moshi hadi mahali fulani, kisha hugeuka na kushuka.

Tumeongeza kwenye modeli kitasa cha mwanga. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja na imebadilisha matokeo kuliko wiki mbili zilizopita.

29 Julai

Umri wa moshi. Ili useme ozoni imekua, lazima ujue moshi una siku ngapi. Kuna njia ya kuufuata upepo kinyumenyume kwa modeli ya hali ya hewa hadi kwenye moto. Tumeifanya, inasaidia, lakini kwenye siku ya nne au ya tano njia za upepo zinatawanyika ovyo.

Njia ya pili inatumia kemia yenyewe. Zile chupa za chuma zina benzini na tolueni. Zote hutoka motoni kwa uwiano unaojulikana, zote huliwa na haidroksili, ila tolueni huliwa haraka zaidi ya mara nne. Nikichukua haidroksili milioni 2 kwa kila sentimita ya ujazo, ambacho ni kiwango cha kawaida cha kiangazi, kila baada ya saa 31 hivi uwiano wa tolueni kwa benzini hushuka hadi kama asilimia 37 ya ulivyokuwa. Unasoma uwiano, unapata umri.

Uzuri wake ni kwamba hewa safi ikiingia kwenye moshi inapunguza gesi zote mbili kwa kipimo kimoja, uwiano ukabaki palepale. Ubaya wake ni kwamba moshi wa jana ukichanganyika na moshi wa wiki iliyopita, jambo linalotokea kila mara juu ya Quebec, unapata umri usio wa yeyote kati yao. Mimi nauita umri wa kikemia na sikubali mtu auandike kama siku za kalenda. Kwenye ripoti tumeandika hivyo.

6 Agosti

Grafu kubwa ya mradi iko mezani. Upande wa chini ni umri wa kikemia, upande wa juu ni ongezeko la ozoni likigawanywa kwa ongezeko la kaboni monoksidi. Kugawanya huko kunaondoa athari ya moshi kuyeyuka kwenye hewa safi.

Waliochambua data hizi rasmi walipata uwiano wa 0.020 kwa moshi wa chini ya siku mbili, na 0.55 kwa moshi wa zaidi ya siku tano, huku hiyo ya pili ikiwa na kosa la 0.29 juu na chini. Mapitio ya Jaffe na Wigder ya mwaka 2012, yaliyokusanya tafiti nyingi za misitu ya kaskazini na ya ukanda wa wastani, yalipata 0.018 kwa moshi wa siku moja au mbili, 0.15 kwa wa siku mbili hadi tano, na 0.22 kwa mkongwe zaidi. Kwa ukanda wa tropiki namba zao ni 0.14, 0.35 na 0.63. Tofauti ya nitrojeni niliyoihesabu Juni inaonekana humo waziwazi, hasa kwenye siku za mwanzo.

Ili namba hizi ziwe na uzito: moshi ukifika na ongezeko la sehemu 200 kwa bilioni za kaboni monoksidi, uwiano wa 0.018 unakupa ongezeko la ozoni la chini ya sehemu 4. Uwiano wa 0.22 unakupa 44. Kiwango cha Marekani cha ozoni, wastani wa saa nane, ni sehemu 70 kwa bilioni, na hewa ya kawaida tayari ina 30 au 40. Kwa hiyo moshi uleule unaweza kupita bila mtu kuugundua kwenye kipimaji cha ozoni, au ukauvusha mji mpaka wa sheria.

Hata hivyo siupendi uwiano huu kama wengine wanavyoupenda. Moshi mkongwe umeshachanganyika na hewa ya viwanda, na pengine na hewa iliyoshuka kutoka stratosfia, lile tabaka la juu, ikiwa na ozoni yake. Kuiandikia ozoni yote hiyo jina la moto ni kuuonea moto. Kosa la 0.29 si uzembe wa waliopima. Ndiyo hali halisi ya anga.

14 Agosti

PAN, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yote.

Gesi hii ni ghala la nitrojeni lenye kufuli ya joto. Kwenye nyuzi 22 za Selsiasi inavunjika kwa muda wa saa moja hivi na kuachia nitrojeni dioksidi. Kwenye nyuzi 23 chini ya sifuri inadumu miezi. Moto mkali wa kaskazini huurusha moshi kilomita kadhaa juu, kwenye baridi, siku hiyohiyo. PAN inaundwa, inaganda kwenye hali yake, inasafiri. Siku nyingi baadaye, mahali ambapo hewa inashuka, inapata joto, ghala linafunguka na uundaji wa ozoni unaanza upya mbali kabisa na moto.

Mahali pa kuliona hilo ni Pico, kisiwa cha Azores katikati ya Atlantiki, ambako kuna kituo cha kupima hewa kwenye mita 2,225. Kiangazi cha 2004, Alaska ilipoungua kuliko mwaka wowote uliorekodiwa pale, moshi wake na wa Kanada ulifika Pico ukiwa na umri wa siku 6 hadi 15, na bado ulikuwa na oksidi za nitrojeni juu ya kawaida. Oksidi hizo zenyewe haziwezi kuishi siku zote hizo. Lazima zilikuwa zimefichwa, na PAN ndiyo maficho yanayofaa.

Tumelifanyia boksi letu majaribio ya aina mbili: moshi unaobaki chini kwenye joto, na moshi unaopanda haraka, ukakaa juu, kisha ukashuka taratibu. Wa kwanza unatengeneza ozoni mapema, unaishiwa, unasimama. Wa pili karibu haufanyi kitu kwa siku kadhaa, kisha unaanza wakati wa kushuka. Tumetumia moto mmoja na gesi zilezile kwa majaribio yote mawili. Kilichobadilika ni njia tu. Mwenzangu alikaa kimya akiangalia skrini, halafu akasema, "Kumbe tulikuwa tunauliza moshi una siku ngapi, badala ya kuuliza umelala wapi." Nimelichukua likawa kichwa cha sura ya tatu ya ripoti, kwa ruhusa yake.

27 Agosti

Moshi na jiji. Kwa kifupi, maana sehemu hii inamhusu mwanafunzi mwingine.

Moshi wa kaskazini una kaboni nyingi na njaa ya nitrojeni. Jiji lina nitrojeni ya kumwaga kutoka kwenye magari. Vikikutana, kila mmoja ana anachokikosa mwenzake, na ozoni inaweza kupanda kuliko ambavyo kimoja kingeweza peke yake. Tangu mwaka 2000 Wotawa na Trainer walishaonyesha kuwa moto wa Kanada wa mwaka 1995 ulipandisha kaboni monoksidi na kuchangia ozoni hadi kusini mashariki mwa Marekani. Sheria ya Marekani inaruhusu jimbo kuomba siku za moshi ziondolewe kwenye hesabu yake, likithibitisha kuwa moshi ndio uliopandisha ozoni. Kanada imeshusha kiwango chake hadi sehemu 60 kwa bilioni kuanzia 2025, kwa hiyo hoja hii itazidi kugombaniwa. Maoni yangu: wakili anayesema "ozoni ile ni ya moto" na anayesema "ni ya magari" wanaweza wote kuwa na kemia sahihi siku hiyohiyo, kwa kuwa ukiondoa upande mmoja, ozoni yenyewe haiundwi.

5 Septemba

Tumeliacha suala la stratosfia nje ya mradi. Kulikuwa na kishawishi. Agosti 2017 moto wa British Columbia ulizaa mawingu ya radi yaliyorusha moshi hadi kilomita 12 hivi, kisha masizi yakafyonza joto la jua na kuendelea kuupandisha hadi kilomita 23. Huko juu kemia ni nyingine kabisa na ozoni inayohusika ndiyo ile ya kutukinga. Boksi letu halina uwezo huo.

19 Septemba

Hali ilivyo. Modeli inafuata vizuri saa za mwanzo na upotevu wa nitrojeni. Inafuata kwa kiasi siku ya pili na ya tatu. Kuanzia siku ya tano inatoa ozoni pungufu kuliko ndege ilivyopima, na sababu mbili tunazozishuku ni PAN inayoshuka mahali ambapo upepo wetu wa kinyumenyume haupaoni, na hewa ya viwanda iliyojichanganya njiani. Kuzitenganisha tutatumia gesi zinazotoka viwandani na si motoni, ambazo chupa zilezile za chuma zilishazipima.

Data za Uganda za 2019 nimeshazipakua. Faili zake zimepangwa karibu sawa na za Halifax, hivyo msimbo wetu utazisoma bila kubadilishwa sana. Oktoba tunaanza kuingiza uwiano wa savana kwenye boksi lilelile, jua likiwa kali na hewa ya chini ikiwa na joto ambalo halitaipa PAN nafasi ya kudumu hata saa mbili.